Galoni ya Methanoli

Alhamisi, 7 Machi 1957

Kifua kinabana. Daktari hasemi kitu, ila Magdalena ananipikia kila ninachotaka. Mjukuu huyu hajui kuficha! Basi niandike kabla mkono haujakataa.

Mwaka 1937, nikifundisha sayansi, niliiba galoni ya methanoli maabara. Nikaituma kwa Balbir, fundi magari Singasinga wa mtaa wa Daraja Mbili. Alitaka kuwashinda Wazungu katika mashindano ya magari ya kupanda mlima. Nilimweleza: huku juu hewa ni nyepesi, petroli inakosa oksijeni. Methanoli ina oksijeni yake ndani. Kwa hewa ileile injini huchoma mafuta mengi zaidi, nguvu inapanda. Lakini sikumwambia apanue tundu la kabureta, mafuta hayo mengi yapite; yakipungua, injini huungua. Nilisahau! Injini ikapasuka mashindanoni, karibu na Nkoaranga. Gereji ikafa. Miaka ishirini nimenyamaza.

Jumamosi, 9 Machi

Balbir amekuja nilipomwita. Ndevu nyeupe kabisa. Nikaungama yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu! Ile injini niliiua mwenyewe, oili iliisha. Dawa yako sikuitia hata tone. Niliichanganya na petroli kwenye glasi, maji yakajitenga chini. Nikamwaga yote. Nikasema, Mwalimu kanifanya mjinga!"

Maji? Nilijaza methanoli tupu — mpaka mdomoni!

Aliyeibeba ni Melkizedeki, tarishi wa shule. Alishuka nayo mjini kwa miguu, peke yake.

Baadaye. Nimekumbuka. Melkizedeki aliniuliza mna nini humo. Lebo nilikuwa nimeibandua, nisikamatwe. Nikamtania: pombe, ila ya gari. Tukacheka wote wawili.

Alikunywa. Akajazia maji ya mtoni.

Siku ya tatu aliamka haoni. Wakasema homa ya ubongo. Nami nikasema homa — mimi! Niliyewaandikia wanafunzi ubaoni kwamba methanoli hupofusha.

Jumapili, 10 Machi

Ibada imekwisha. Kila Jumapili Melkizedeki huja kwangu. Nasikia fimbo yake kwenye mawe. Magdalena anamwamkia, anampokea ndizi.

"Shikamoo, Mwalimu! Bado hujafa tu?"

Ameketi kitandani, miguuni pangu. Anasema leo ameniombea mbele ya watu wote. Amewaambia: tangu macho yafe, rafiki zangu wote walikimbia, ila Mwalimu.

"Mbona kimya? Nipe mkono, nijue uko hai."

Anapapasa blanketi. Mkono wangu una kalamu. Bado naandika, ili nisimpe mkono huu. Vidole vyake vimeugu