Neema Alivyomwachisha Baba Mkubwa Kamba

Jumapili, Lemara

Na bado nasema makala yangu gazetini ilikuwa sahihi: soko huria linatujazia michezo ya watalii. Lakini leo binti yangu mwenyewe amenifunga mdomo, na nimefurahi.

Neema anafundisha wageni kule pwani kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Leo aliirusha shambani kwa kaka yangu, huko mlimani Meru, mahindi yakiwa yameshavunwa. Kwanza alizipitisha kamba zote nne vidoleni: mbili za mbele hubeba nguvu, mbili za nyuma huongoza.

Kaka akadai kujaribu, majirani wakitazama. Neema akamfunga mkanda wake.

"Kamba ikikatika, baba mkubwa, sukuma hiki kishikizo chekundu cha mkanda kiunoni, uachie."

"Mimi nimeshika madume ya ng'ombe, nitashindwa na shuka?"

Tiara ilipopaa, kamba moja ya nyuma ikakatika. Tiara ikazunguka kwa hasira, ikamburuta kuelekea kwenye mibuni. Hakuachia. Kwetu anayeachia kamba ya dume huchekwa mpaka uzeeni, na mimi, msomi mzima, nilikuwa napiga kelele, "Shikilia!"

Neema alimrukia, akasukuma kile chekundu. Tiara ikalegea, ikaanguka, imeshikwa na kamba ya usalama tu.

"Umeniaibisha mbele za watu!"

"Dume likikutoroka linarudi zizini, baba mkubwa. Wewe ukigonga miti ile, harudi mtu."

Kaka akacheka. Kazi ile bado inanitia hofu. Lakini majirani walipokuwa wakimkodolea macho Neema, nilijikuta nikisema kwa sauti, bila kuulizwa: huyo ni wangu.