Mguu wa Kulia, Baba Zaitun

Baba Zaitun,

Salamu nyingi kutoka Koboko. Nakuandikia kwa mkono wangu, maana habari hii nikimpa mtu mwingine aiandike ataipunguza.

Binti yako ameitengeneza ndege yako. Ile ya mafunzo, uliyokuwa unarusha na wanafunzi kabla vita havijatukimbiza. Iko ndani ya kompyuta, Arua, kwenye shule anakofundisha hesabu. Mtu anakaa, anashika fimbo ya kuongozea, anaona uwanja unakimbia chini yake. Picha yako hata moja haikuvuka mpaka wa Kaya pamoja nasi, kwa hiyo alifuata daftari lako tu: upana wa mabawa, uzito, nguvu ya injini, vipimo vyote vilivyo mbele ya rubani. Miezi saba! Koboko yote, nani mwingine ana mtoto kama huyu? Nionyeshe.

Akatuita mimi na Afande Ratibu, mwanafunzi wako, ambaye siku hizi anapitisha malori mpakani pale Oraba. Afande akairusha mara moja, akavua kofia.

"Binti, iko nzuri. Lakini hii si ndege ya mwalimu."

Imekosa nini? Hajui. Mwili tu unakataa. Zaitun akainamisha kichwa. Baba Zaitun, nilisikia uchungu, kama tunakuzika mara ya pili.

Halafu nikakumbuka. Uani kwetu, umenikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, mwiko mkononi ndiyo fimbo, matofali mawili chini ya miguu ndiyo pedali. "Ongeza nguvu, Mama Zaitun! Inavuta kushoto! Mguu wa kulia!" Nami nakanyaga, ugali unaungua, majirani wanakufa kwa kicheko.

Nikamwuliza Zaitun: ndege yako inavuta kushoto?

"Ilikuwa inavuta, Mama. Nilidhani nimekosea hesabu, nikaondoa."

"Rudisha."

Afande akairusha tena. Ikavuta. Mguu wake wa kulia ukakanyaga wenyewe, akaitika kwa sauti, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha akatoka nje, hakurudi upesi.

Mimi, wa darasa la nne, nisiyepanda ndege hata siku moja! Hapa kwetu Dranya wote wamesikia. Niliwaambia mwenyewe.

Sasa lala salama, mume wangu. Nimemwagiza Zaitun aongeze barabara ya Oraba, mpaka, na kile kilima cha ng'ambo tulikokuacha. Ikiwa tayari nitairusha mwenyewe, nipite juu yako. Usipige kelele. Mguu wa kulia, nakumbuka.

Mke wako,
Mama Zaitun