Majina Yaliyopotea Tonton Akiwa Yahuma

Tonton, mjomba wangu mpendwa,

Tangu tukuzike nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Leo naimaliza, na naiacha wazi, kwa sababu ulitukanwa mbele ya watu. Ukweli nao usomwe mbele ya watu.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kompyuta, katika ofisi yetu ya Mangobo ya kuunganisha familia zilizotawanywa na vita. Watu walifika Kisangani kutoka Kivu, mama huku, mtoto kule, na sisi tuliandika majina. Mashine yetu ilitumia mfumo wa zamani wa Linux. Ulinionyesha init, ile programu inayoamka ya kwanza na kuamsha nyingine zote, na mistari uliyoiandika mwenyewe: ingoje kwanza diski ya pili, iliyotunza majina, iunganike, ndipo ifungue orodha ya majina.

Nilikuona mtu wa mambo ya kale. Mafundi wengi walikuwa wameshahamia kwenye init mpya, inayoamsha vitu vingi kwa wakati mmoja. Nikakuomba tubadilishe. "Bon, tutabadilisha," ulisema. "Lakini tutafanya pamoja, nikirudi ku matanga." Ukaenda Yahuma kumzika baba mkwe wako.

Sikukungoja. Siku ya pili, mchana, nilibadilisha peke yangu. Nilitaka urudi ukute kazi imekwisha. Mashine iliwaka upesi, mistari ya kijani ikashuka kwenye skrini, nikajipigia makofi kama mjinga. Orodha yenyewe sikuifungua kuangalia.

Kesho yake akaja mama mmoja kutoka Rutshuru, Mama Neema, akimtafuta binti yake wa miaka tisa. Niliandika jina, nikangoja.

"Haiko, mama."

"Angalia tena, mwanangu. Neema. Iko na alama ya moto ku mukono."

"Haiko. Machine haidanganyaka."

Aliinuka taratibu, akakaza kitenge chake, akasema basi atapanda boti ya mchana uleule, akamtafute Bumba, mji wa chini ya mto. Alipokwisha kwenda ndipo nilipotafuta jina la mtu mwingine. Halikuwepo. Nikatafuta jina nililoliandika mwenyewe juzi yake. Orodha nzima ilikuwa tupu! Nilikimbia mpaka bandarini, lakini boti ilikuwa imeshaondoka.

Uliporudi, mkurugenzi alikungoja mlangoni. "Diski yako ya kizee imekula majina ya watu!" alipaza sauti, wakimbizi wakisikiliza kwenye mabenchi. Akakunyang'anya ufunguo wa ofisi. Mimi nilisimama karibu yako nikaangalia viatu vyangu.

Uliomba saa moja tu. Ukakaa, ukasoma amri nilizoziandika, moja moja, zote zikiwa na jina langu. Uliona kwamba init mpya ilikuwa ikifungua orodha kabla diski haijaunganika, na kwa hiyo ilikuta folda tupu. Majina hayakuwa yamepotea. Uliandika mistari michache ya kuilazimisha ingoje, yote yakarudi. Neema alikuwemo. Alikuwa akilala kwa familia moja ya Kabondo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kiti alichokalia mama yake.

Hata hivyo kwa mkurugenzi hukulitaja jina langu, na ufunguo hukurudishiwa. Tukiwa njiani kurudi mtaani uliniuliza, "Mwanangu, hauna neno ya kuniambia?"

"Hapana, tonton."

Ukaniuliza kama nina njaa, ukaninunulia makemba, ndizi za kuchoma. Nikala.

Mama Neema alirudi kutoka Bumba na kumpata mtoto wake baada ya miezi minne. Kila Jumamosi ya miezi hiyo Neema alikuja kuuliza, na mimi ndiye niliyemjibu. Wewe ulikuwa umebaki barazani kwako ukitengeneza redio za watu, mpaka homa ikakuchukua.

Juma lililopita nilimweleza mkurugenzi yote. Aliita wafanyakazi wote nirudie mbele yao, nikarudia. Nilikwenda pia kwa Mama Neema. Alinisikiliza hadi mwisho, akamshika mtoto mkono, akaingia ndani, akafunga mlango. Ni haki yake.

Jana nilikwenda kwa tantine, mjane wako. Nilimkuta anachambua pondu, majani ya muhogo. Nilipomaliza kusema hakuonyesha kushangaa.

"Alijua," alisema. "Nilimuambia aende kwa patron ya ofisi aseme ni wewe. Akakatala. Alisema, ule mutoto atakuja kuniambia yeye mwenyewe. Hata mu bugonjwa, mutu akipiga hodi, alikuwa anauliza kama ni wewe."

Na mimi, tonton, miezi hiyo yote nilikuwa nikikaa nyumba tatu tu kutoka kwenu, nikizungukia njia ya nyuma kila asubuhi ili usinione.

Pumzika. Msamaha sikuombi, nimeuchelewa.

Mtoto wa dada yako