Mashamba Tisa ya Mizabibu

Jumanne, 14 Oktoba

Tumekula tena tukiwa tumepakata sahani. Meza yote ni ramani. Ilunga anapanga safari yetu ya Desemba, kiangazi kikikolea, kwenda pwani ya Cape kuonja mvinyo. Siku kumi na mbili, mashamba tisa ya mizabibu. Kila shamba analizungushia wino wa kijani, kisha anakwenda kwa lingine.

Mimi ndiye dereva. Yeye ataonja, mimi nitaendesha. Desemba tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, na zawadi aliyoomba ni hiyo moja tu. Nilikubali. Moyo haukukubali.

Akina mama wa kanisani nimewaambia tunaenda Cape Town kupumzika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kidonda cha ulimi wake hakijapona. Anasema ni jino lililovunjika linamkwaruza. Amekuwa akisema hivyo tangu Agosti. Leo nimeshika tochi nikaangalia mwenyewe. Kiko pembeni, cheupe, kingo zake ngumu. Sikukipenda.

Nikamwambia Jumatatu aende kwa daktari wa meno. Akasema Jumatatu wanapokea mvinyo mpya kazini. Nikasema Jumatatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kufua, kupiga pasi, mazoezi ya kwaya. Ilunga kazini.

Niandike jambo hili, maana sijawahi kuliandika. Baba yangu alikufa kwa pombe. Machakos, nikiwa kidato cha pili. Walimkuta mtaroni asubuhi, hata viatu hana. Nilienda naye shuleni siku za wazazi nikisikia harufu yake mbele ya wenzangu. Niliapa pombe haitaingia nyumbani mwangu.

Kisha nikaolewa na mhudumu wa mvinyo. Tulikutana kanisani Berea, yeye ametoka Lubumbashi hana mwaka mmoja hapa Johannesburg. Wakati huo alikuwa anaosha vyombo hotelini. Mvinyo alijifunza baadaye, kidogo kidogo, hadi leo mkahawa mzima pale Sandton unamtegemea yeye. Hajawahi kuleta chupa nyumbani. Huosha kinywa kabla ya kuingia mlangoni. Mimi nami sijawahi kukanyaga kazini kwake. Miaka ishirini tumeishi hivyo na tukaona ni amani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Daktari wa meno hakugusa jino. Aliangalia, akavua glavu, akaandika barua ya kutupeleka kwa daktari mwingine. Alhamisi. Haraka ya barua hiyo imenitisha kuliko maneno yake.

Alhamisi, 23 Oktoba

Wamekata kinyama kidogo cha kupima. Majibu baada ya wiki. Ilunga hakula. Alirudi mezani akaongeza shamba la kumi, halafu akalifuta.

Ijumaa, 31 Oktoba

Saratani ya ulimi.

Daktari ni mwanamke mpole, anaongea polepole. Alichora ulimi kwenye karatasi akaupiga mstari. Upasuaji tarehe ishirini na nne Novemba. Watatoa karibu theluthi. Mwaka mpya, mionzi wiki sita. Tumewahi, alisema. Nafasi ya kupona ni nzuri, lakini si ya kungojea.

Ilunga aliuliza swali moja tu. Ladha je? Daktari akaweka kalamu chini. Sehemu itaondoka na ulimi. Mionzi itachukua nyingine. Inaweza kurudi kidogo baada ya mwaka, au isirudi. Hawezi kumwahidi.

Tulimwambia binti yetu Neema jioni. Ana miaka kumi na minane, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Leo hakujibu kwa lugha yoyote. Alimkumbatia baba yake akamshikilia mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 1 Novemba

Anataka kungoja. Amesema hivyo wakati wa kifungua kinywa, kwa utulivu, kama anayeomba chumvi. Safari kwanza, upasuaji Januari.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia anachagua chupa badala ya mtoto wake. Nilimwambia baba yangu naye alichagua hivyo hivyo. Ilunga alisukuma sahani. Akavaa koti akaenda kazini saa mbili nzima kabla ya zamu yake.

Sijuti. Najuta kidogo.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani. Niliimba sauti ya pili bila kusikia wimbo. Sikuomba.

Alhamisi, 6 Novemba

Hatuongei ila mambo ya nyumba. Maktabani ninakofanya kazi wanafunzi wamejaa, mitihani. Kazi imenisaidia. Ninapanga vitabu vinarudi kuvurugwa, navipanga tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimeingia kazini kwake.

Alisahau dawa ya maumivu mezani. Nilifikiri nitamwachia mlinzi. Mlinzi akanionyesha lifti. Nikajikuta mlangoni mwa mkahawa na pakiti ya dawa mkononi, nimevaa ndala za nyumbani. Saa saba mchana, meza zimejaa.

Nilimwona kabla hajaniona. Suti nyeusi, kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa anaongea na wazee wawili, mume na mke. Hakuwa anauza kitu. Alikuwa anawasimulia. Mikono yake ilionyesha mteremko wa kilima, kisha upepo, kisha namna mtu anavyopita kati ya mistari ya mizabibu akikata matawi. Yule mama aliacha kula ili amsikilize. Sijawahi kumwona mume wangu hivyo. Nyumbani ni mtu wa maneno machache. Nilimwonea wivu yule mama.

Mwenzake wa kazi alikuja kunisaidia. Anaitwa Thandeka, wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Nilipojitambulisha alinishika mikono yote miwili. Akaniambia kitu ambacho alidhani ninakijua. Ilunga haonji tena. Tangu Septemba. Ananusa tu, halafu anasema mvinyo uko vipi, na bado hajakosea. Wanamficha bosi.

Nikamwachia dawa. Niliketi ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nilimpeleka bustani ya Rhodes Park, tukakaa kwenye benchi karibu na maji. Jacaranda zinamwaga maua, mpaka viatu vimekuwa zambarau. Nilimuuliza moja kwa moja. Unaonja au huonji?

Alikiri. Mvinyo unamchoma kama pilipili kwenye kidonda kibichi. Tangu Septemba anafanya kazi kwa pua na kumbukumbu. Alijua si jino. Aliogopa kuambiwa.

Nikamuuliza, sasa mashamba tisa ya nini, kama huwezi kuonja?

Ninaandika alivyosema, nisije nikasahau. Alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Haikuwa ya mimi, Mama Neema. Mi nilikuwa nataka wewe uone. Miaka ishirini unafikiri mi ninashika kazi na kitu chenye kilimuua baba yako. Nilitaka ukanyage ule udongo. Uone watu wenye wanaamka saa kumi kukata zabibu. Hakuna shetani mule. Ni kazi."

Akasema pia, "Nikiisha kukatwa, sitaweza kukueleza muzuri. Njo maana nilikuwa nataka twende mbele ya kukatwa."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria ladha. Sikufikiria sauti yake.

Nililia pale pale kwenye benchi, watoto wakipita na baiskeli. Nikamwambia upasuaji hausogei hata siku moja. Nikamwambia Desemba hatuingoji. Tunaenda Ijumaa hii. Shamba moja, achague.

Alikubali yote mawili. Aliitikia kwa kichwa tu, lakini alikubali.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata ruhusa ya siku nne. Daktari amesema sawa, mradi tuwe tumerudi tarehe ishirini.

Nilimpigia Mama Shiku, mwenyekiti wetu wa akina mama. Nilimwambia ukweli. Ugonjwa, na safari, na safari ni ya nini. Akasema, "Dada, nendeni. Mimi nitapika chakula cha Neema." Nilikuwa nimejiandaa kujitetea na sikuhitaji.

Ijumaa, 14 Novemba. Colesberg

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Neema alibaki, ana mtihani Jumatatu. Nimeendesha mimi, kupitia Bloemfontein hadi hapa. Nchi tambarare, anga kubwa mno. Ilunga amelala sehemu kubwa ya njia. Anakula uji na ndizi iliyopondwa. Maumivu yamezidi. Tumechukua chumba mapema.

Jumamosi, 15 Novemba. Beaufort West

Joto. Kondoo, mawe, malori. Alikuwa macho leo. Alinisimulia siku yake ya kwanza kubeba trei mkahawani, glasi sita zikavunjika, akajificha kwenye friji kubwa ya nyama. Sikuwahi kuijua hadithi hii. Nilicheka hadi nikapunguza mwendo.

Jumapili, 16 Novemba

Tumevuka milima, tukashuka hadi pwani. Hermanus. Upepo wa bahari ni baridi, nimevaa sweta yake. Hatukuenda kanisani. Tulisoma Zaburi moja garini tukitazama mawimbi.

Jumatatu, 17 Novemba

Shamba liko bondeni nyuma ya mji. Dogo. Alilichagua kwa sababu mwenye shamba alimfundisha mengi kwa simu, miaka kadhaa, na hawajawahi kuonana. Mama wa miaka sabini hivi, mikono mipana ya mkulima. Alipomwona Ilunga alimtazama mdomo, akaelewa bila kuambiwa.

Alitupitisha kwenye mistari ya mizabibu. Zabibu bado ni ndogo kama punje za mtama. Ilunga alichuchumaa akachukua udongo, akaniwekea kiganjani. Mwekundu, una kokoto. Ulikuwa na joto la jua. Kulikuwa na wanawake watano wanafunga matawi kwenye waya, wanaimba kwa sauti ya chini. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Niliwasalimu. Nilijisikia nyumbani kwa namna ambayo sikuitegemea. Mama yangu alifunga maharagwe hivyo hivyo.

Ndani ya ghala mwenye shamba alimimina mvinyo mweupe kwenye glasi mbili. Ilunga alichukua ya kwake. Alinusa muda mrefu. Kisha akaweka tone mdomoni. Ulimchoma, machozi yakamtoka, lakini aliushikilia mpaka alipotosheka. Akatema kwenye ndoo, kama wafanyavyo waonjaji.

Mimi sikunywa. Hakuniomba. Nilisogeza glasi puani. Niliogopa kumkuta baba humo. Nikanusa. Maganda ya limau. Jiwe lililonyeshewa mvua. Basi. Baba hakuwemo.

Nilimwambia Ilunga nilichosikia. Alitabasamu upande mmoja, ule usiouma. "Jiwe," alisema. "Wengi hawalisikii."

Alhamisi, 20 Novemba

Tumefika nyumbani jana mchana. Neema amesafisha nyumba yote. Leo vipimo vya damu. Ninaogopa. Nimemwambia kwamba ninaogopa. Amesema yeye pia.

Jumatatu, 24 Novemba

Wamempeleka saa moja asubuhi. Upasuaji umechukua muda wa saa sita na nusu. Neema na mimi kwenye viti vya plastiki. Mama Shiku alileta chai na mkate, akakaa, hakuhubiri. Daktari alitoka saa nane mchana. Wametoa walichopanga, si zaidi. Kingo za mahali walipokata zinaonekana safi, majibu kamili wiki ijayo.

Nilimwona kwa dirisha. Uso umevimba. Mrija puani, mrija shingoni. Niliyempeleka asubuhi hakuwa huyu. Nilimsalimu hivyo hivyo.

Jumatano, 26 Novemba

Ameamka vizuri leo. Hawezi kusema, na hawajui atasema vipi. Wauguzi wamempa kibao cha kuandikia. Hakuandika kitu asubuhi yote. Aliangalia tu jua likihama ukutani.

Mchana nilimwosha uso na shingo kwa kitambaa cha uvuguvugu, nikikwepa mrija. Nikaona kucha zake zimekuwa ndefu. Niliazima mkasi mdogo kwa muuguzi. Nimemkata za mkono wa kulia, kisha za kushoto, polepole, nikazikusanya kwenye karatasi. Nilipomaliza hakuuondoa mkono wake. Aliuacha mkononi mwangu mpaka usingizi ukamchukua.