Koili Uliyoikata Mara Tatu

Mjomba wangu,

Shikamoo. Bahasha hii sijaigundisha, makusudi. Anayekuletea huko Namtumbo akitaka asome, na majirani wakitaka wasome. Yale maneno ya mtaani kwetu Majengo juu yako yalisemwa wazi, basi na hili liwe wazi. Na simu yako umeizima toka uondoke, sasa ningefanyaje?

Nimepata jibu, mjomba. Nimelipata kweli. Ila ngoja niende polepole, maana nakujua, utasema nimeanza kukimbia hata viatu sijafunga.

Unakumbuka siku uliyonipa bisibisi? Nilikuwa nimefeli kidato cha pili, mama analia ndani, wewe ukanichukua ukanikalisha kwenye kistuli pale mezani kwako, ukaniambia nifungue redio. Nikaifungua yote. Kuifunga nikashindwa. Ulicheka mpaka ukafuta machozi, na kuanzia hapo jina langu likawa Fundi Fungua. Wateja wananiita hivyo mpaka leo, hawajui hata jina langu la ubatizo.

Halafu majiko ya umeme. Likija jiko ambalo koili, ule waya wa kujiviringa unaotoa moto, imekatika, ulikuwa na namna yako: unakata kipande kilichoungua, unavuta zile ncha mbili, unazisokota na koleo, unarudisha, linawaka. Kipande ulichokata hukitupi. Unakifunga uzi, kila jiko na rangi ya uzi wake, kinaingia kwenye kopo la kahawa. Siku moja nikakuuliza, sasa mjomba, koili si inazidi kuwa fupi? Ukanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mfupi anakula kidogo. Umewahi kuona mtu mfupi akamaliza sufuria ya ugali?" Nikakwambia ndiyo, mkeo. Ukanirushia kitambaa cha grisi usoni.

Tuliamini hivyo, wewe, mimi na mafundi wote wa mtaa ule. Jiko la Mama Oliva wa Mjimwema ulilikata mara tatu, na kila likirudi kwake alikuwa anasifia. Limekuwa kali, anasema, maharage yanaiva upesi kuliko lilipokuwa jipya. Na sisi tunajisifu. Hatukujiuliza huo ukali umetoka wapi.

Mpaka ile asubuhi waya wa ukutani jikoni kwake uliposhika moto. Pazia likaisha, kabati likaungua nusu. Bahati hakuna aliyeumia. Ulienda kuangalia, ukarudi. Watu wakasema fundi amezeeka, mikono inatetemeka, maungio yake yamelegea. Na wewe ukawaamini, hicho ndicho kinachoniuma. Ulifunika meza na turubai ukasema unaenda kulima mahindi. Nikakuzuia mkono. Ukaniambia, "Aliyechoma nyumba ya mtu hana ufundi tena."

Mimi sikutulia, unanijua. Nikapata kitabu cha fizikia hakina jalada, nikaangalia video kwenye simu mpaka bando likakata, ukurasa mmoja nimeusoma labda mara ishirini. Kumbe ni mambo mawili tu. Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyougomea umeme usipite, na huo unahesabiwa kwa omu. Volti ukizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu, ule ukali wenyewe. Basi, hakuna kingine.

Nikaenda Mjimwema kumwomba Mama Oliva lile jiko. Aliniangalia weee, halafu akaingia ndani akalitoa. Nikaliwasha kwa waya mnene, mita ya kupimia umeme mkononi. Volti mia mbili na ishirini, ampea kumi. Nagawanya: omu ishirini na mbili. Nazidisha: wati elfu mbili na mia mbili. Nikaazima jiko jipya la aina ileile. Volti zilezile, ampea tano tu. Omu arobaini na nne. Wati elfu moja na mia moja.

Umeona? Koili imebaki nusu, nguvu imekuwa mara mbili. Waya mfupi haugomi, unauachia umeme upite tu. Mfupi ndiye mlaji, mjomba. Na ule waya wa ukutani ni mwembamba, wa taa, ungebebaje ampea kumi? Nikamwaga kopo lako, nikatafuta vipande vyenye uzi mwekundu, uzi wa jiko lake, nikaviunga pamoja nikapima. Omu ishirini na mbili. Ile nusu nyingine tulikuwa nayo mezani siku zote.

Na maungio yako matatu? Yamekaza. Nimejaribu kuyafungua na koleo, mimi Fundi Fungua, yamenishinda. Mikono yako haikutetemeka popote. Tulikosa hesabu, na mimi nimo, maana nilikuwa nimekaa hapohapo nacheka.

Nilimwandikia Mama Oliva hesabu yote kwa chaki, sakafuni kwake. Akaniuliza mara mbili, akasema kumbe alikuwa anasifia moto unaokuja. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie aliyelifupisha aje alirefushe. Sitaki fundi mwingine. Na wewe usiliguse."

Mjomba, najua mahindi yako huko hayajakauka. Yakishakauka, vuna, halafu njoo. Meza nimeifunua, napangusa vumbi kila asubuhi, na kistuli changu nimekisogeza kidogo ili upate nafasi ya miguu. Nitakusomea mita, wewe utasokota. Hakuna jiko litakalotoka pale bila kugawanya na kuzidisha.

Koili mpya, ndefu kamili, ipo kwenye kopo la kahawa. Jiko la Mama Oliva lipo mezani. Skrubu zake nne nimeshazitoa zote, kufungua najua.

Kufunga nakusubiri wewe.

Mpwa wako,
wa kwenye kistuli