Kwa Kumi-Tisa, Kuhusu Raundi ya Nne

Leo umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu ulipotuacha asubuhi ya Jumamosi, mlango wa chumba chako ukiwa umefungwa kwa amri yako mwenyewe. Tumekaa sebuleni kuandika maneno haya. Hakuna anayekalia kiti chako. Si kwa heshima. Springi yake ya kushoto imetoka, na wewe peke yako ulijua namna ya kuikwepa.

Wengi walikujua kama fundi mizani. Ulizunguka duka hadi duka na sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia, ukalifuta kila jiwe kwa kitambaa laini kabla ya kuliweka kwenye sahani. Muuza nyama aliyeficha kipande cha madini ya risasi chini ya sahani yake hukumfokea. Ulikitoa, ukakiweka juu ya kaunta mbele ya wateja, ukamwuliza, "Na hiki unauza kilo bei gani?" Watu walicheka. Yeye hakucheka, na wewe hukucheka.

Nyumbani ulikuwa mpole kwa namna yako. Uliamka kabla yetu ukachemsha maji ya kuoga ya kila mtu, na ulijua nani anayataka ya moto na nani ya vuguvugu. Hukuwahi kumpiga mtoto. Hukuhitaji, ulikuwa na ulimi.

Jumapili, vyombo vya chakula cha mchana vikishatolewa, ulitoa kanda za video. Yalikuwa mapambano ya ndondi ya zamani, mengine ya picha nyeusi na nyeupe, ya mabondia ambao wengi wao walishakufa. Ulizima sauti, kwa maelezo kwamba mtangazaji ana macho mawili kama sisi, ila mdomo wake ni mkubwa zaidi. Ulitugawia kadi ulizozikata kutoka migongo ya kalenda. Aliyeshinda raundi anapewa kumi, aliyeshindwa tisa. Kila mmoja aliandika peke yake bila kuchungulia, na raundi ilipoisha ulisimamisha kanda mpaka kalamu zote zitulie. Kwa ajili hiyo mtaa mzima ulikuita Kumi-Tisa, nawe ulilipenda jina hilo kuliko ulivyokubali.

Mwishoni ulisoma kadi zetu kwa sauti. Aliyetofautiana nawe aliambiwa maneno mawili tu: "Taja ngumi."

Ilikuwa lazima tuitaje: mkono gani, imetua wapi, kabla ya nini. Aliyesema bondia fulani "alionekana mkali" ulimshauri aende akahukumu mashindano ya urembo. Jirani yetu kinyozi aliwahi kusema kwamba yule aliyeshindwa alikuwa na moyo. "Moyo uko ndani, kinyozi," ulimwambia. "Wewe umeuona kwa mashine gani, hiyo ya kunyolea?" Alinuna mwezi mzima, kisha akarudi na kalamu yake mwenyewe.

Maneno hayo mawili hayakuishia kwenye ngumi. Siku moja Mama alilalamika kwamba humjali. "Taja ngumi," ulimwambia. Mama akazitaja huku anakunja nguo, za wiki ile tu, na nguo zikaisha kabla yake. Ulimsikiliza mpaka mwisho. "Raundi yako," ulisema. Kisha hukubadilisha kitu chochote.

Mkweo, mke wa mtoto wako wa kwanza, alipoletwa nyumbani kutambulishwa, ulimpa kadi kabla hajapewa soda. Alichanganya bukta, nyeusi na kijivu, akampa ushindi mtu aliyepigwa pambano zima. Ulisoma kadi yake mbele ya wazazi wake. "Mwanangu amepata macho mazuri ya kutazamwa," ulisema. "Ya kutazamia, hapana." Wazazi wake walicheka kwa adabu. Yeye, tangu siku ile, hakukosa Jumapili hata moja. Tulidhani anakupenda.

Lilikuwepo pambano moja tu ambalo hukulizima sauti. Lilikuwa la mdogo wako, baba yetu mdogo, ambaye ulingoni aliitwa Sindano. Alipigana na bingwa, raundi kumi, kugombea mkanda wa ubingwa. Wewe ulikuwa kwenye kona yake, na ndoo na taulo. Baada ya raundi ya tisa ulihesabu kichwani ukapata sita kwa tatu. Kwa hesabu hiyo, hata akipoteza ya mwisho, ameshinda. Ukamwinamia, na sauti yako inasikika vizuri kwenye kanda: "Mkanda wako huo, mdogo wangu. Zunguka tu, usimsogelee."

Akazunguka. Bingwa akaichukua raundi ya kumi bila kutoa jasho. Jaji mmoja alimpa Sindano ushindi. Wawili waliandika tisini na tano kwa tisini na tano. Ikawa sare, na sare humwachia bingwa mkanda wake.

Kwa hiyo majaji wale wawili walimpa Sindano raundi moja pungufu ya zile ulizompa wewe. Hawakutangaza ni ipi. Walitangaza jumla tu. Uliamua ni ya nne, kwa kuwa ndiyo iliyokaribiana zaidi. Uliamua pia kwamba imeibiwa. Kwamba mtu wa kona angeweza kuwa amehesabu vibaya, hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba hii.

Wa kwanza kati ya wale wawili alikufa mapema. Wa pili alikuwa na duka la viatu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ulimwita mwizi mbele ya wateja wake, ukamwita mwizi kwenye mazishi ya watu wengine. Hukuitikia salamu yake hata mara moja. Ulitukataza kununua kwake, na kwa kuwa duka jingine la viatu halikuwa na saizi zetu, tulimaliza shule na vidole vya miguu vilivyojikunja. Vimebaki hivyo. Duka la viatu halina mizani ya kukaguliwa, na tunajua jambo hilo lilikukera mpaka mwisho.

Baba mdogo hakupata tena nafasi ya mkanda. Akawa mlinzi kwenye ghala la mbao. Aliyemwuliza habari za ngumi alipata jibu moja: "Niliibiwa. Kamuulize kaka." Kila mwaka, tarehe ya pambano lile ilipofika, alikuja kwetu na shati lililopigwa pasi, akaketi karibu na wewe, ukaweka kanda na kuongeza sauti. Raundi ya nne ilipoisha sote tuliandika kumi kwa Sindano, kinyozi akiwemo. Siku hiyo hukumtaka mtu ataje ngumi.

Mara ya mwisho ulikuwa tayari mgonjwa, na pumzi yako ilisikika hata jikoni. Mkweo alichukua rimoti akazima sauti.

"Leo tuhukumu kama tunavyohukumu mengine, Baba," alisema.

Ungemkatalia kwa kanuni gani? Ulichukua kadi yako. Raundi ya nne ilipokwisha hakusubiri kadi zisomwe.

"Hii ni ya bingwa."

"Taja ngumi."

"Ya kushoto, imeingia kwenye ini, kengele ikikaribia kulia. Rudisha nyuma, Baba. Usimwangalie baba mdogo usoni. Mwangalie kiwiko."

Kanda ikarudishwa. Uso wa Sindano haukubadilika hata kidogo. Lakini kiwiko chake cha kulia kilishuka, kikabana mbavu, na hakikuinuka tena mpaka kengele ilipolia. Mkweo aliirudisha mara ya pili. Akairudisha mara ya tatu.

"Basi, mwanangu, tumeona," Mama alimwambia.

"Bado," alisema mkweo, akairudisha tena.

Ukamgeukia mdogo wako. "Iliingia?"

"Kaka, mambo ya zamani hayo."

"Nimekuuliza. Iliingia?"

"Iliingia. Nilidhani nimekufa nikiwa nimesimama."

"Nilikuuliza palepale kwenye kona. Ukaniambia imegonga mkono."

"Ningekuambia ukweli ungerusha taulo, pambano lisimamishwe. Si nakujua?"

"Ningerusha," ulisema.

Ulichukua kalamu, ukafuta kumi, ukaandika tisa. Jumla yako ikawa ileile ya majaji. Kisha ukamwambia, bila kumtazama, "Umenifanya nimwite mtu mwizi maisha yangu yote. Toka." Alicheka kidogo, akidhani ni mmoja wa mizaha yako. "Toka, Sindano," ulirudia. Hatukuwahi kukusikia ukimwita kwa jina la ulingoni.

Hukumwona tena. Kila alipotoka kazini alipitia kwetu na sare zake za ulinzi, akaketi koridoni nje ya chumba chako. Ulisikia, kwa kuwa mlango ule ni wa mbao nyembamba na aliongea kwa nguvu makusudi. "Kaka," alisema siku moja, "niandikie hata nane, lakini nifungulie." Ulimwuliza Mama, "Nani anapiga kelele huko nje?"

Mama alikusihi. Sisi tulikusihi. Mkweo alipiga magoti kando ya kitanda, analia, anasema yeye ndiye aliyeanzisha na aadhibiwe yeye. Ulimpa kitambaa chako cha kufutia mawe ya mizani ajifute nacho. "Ulitaja ngumi, na ulikuwa sahihi," ulimwambia. "Unalia nini?" Ndiyo sifa pekee uliyowahi kumpa. Hajapona.

Jambo moja zaidi ulilitaka: kwenda dukani kwa yule jaji kumwomba radhi kuhusu raundi ya nne. Tulijitolea kumwita. Ulikataa, ukasema aliyetukanwa hafuatwi nyumbani kwake na mjumbe, anafuatwa na mtukanaji, na kwamba utakwenda kwa miguu yako ukipata nguvu. Nguvu hazikupatikana.

Alikuja mwenyewe kwenye mazishi. Alikaa nyuma kabisa, na watu wengine walipoondoka alimkaribia Mama kumpa pole. Tukaona ni wakati wa kuufikisha ujumbe wako. Tulimwambia kwamba kabla ya kufa ulitaka kumwomba radhi kwa ile raundi ya nne.

"Ya nne?" alisema. "Ya nne niliwapa nyinyi."

Tulidhani uzee umemchanganya. Tukamsimulia habari ya ngumi ya ini na kiwiko.

"Niliiona. Nilikuwa nimekaa upande uleule. Konde zuri sana lile," alisema. "Lakini lilikuwa moja, na raundi ina dakika tatu. Zilizobaki zote zilikuwa za Sindano. Mimi niliwanyima ya saba."

"Mbona hukumwambia siku zote hizo?" Mama aliuliza.

"Ningemwambia saa ngapi, mama? Mtu haitikii salamu."

Tuliporudi nyumbani tuliitazama raundi ya saba. Hakuna mtu ndani ya sebule hii aliyewahi kuibishania. Sote tulikuwa tukimpa Sindano, kwa kuwa ulimpa wewe. Tulizima sauti, tukaandika kila mmoja peke yake. Kadi zote zilitoka sawa, na zote zilikuwa za bingwa. Hata kinyozi alitaja ngumi tano bila kuulizwa.

Ukweli wenyewe, basi, ni huu. Mdogo wako alikudanganya kuhusu ngumi moja, na kwenye kadi ya jaji mwenye duka la viatu uongo ule haukumgharimu hata pointi. Kadi hiyo, kama ingekuwa na raundi moja zaidi ya Sindano, ikiongezwa kwenye ya yule jaji aliyempa ushindi, ingetosha kumletea mkanda. Kilichomkosesha ni raundi ya saba, ambayo wewe uliihesabu vibaya ukiwa hatua mbili kutoka kwake, na hakuna aliyekudanganya kuhusu raundi hiyo. Kisha ukamwambia azunguke. Mwishoni ulimfungia mlango kwa raundi ambayo alikuwa ameshinda.

Tulimweleza baba mdogo jioni ileile. Tulimkuta koridoni, na mlango wa chumba chako sasa ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Alisikiliza bila kutukatiza.

"Kaka alijua?" aliuliza.

"Hakujua."

Alivua kofia yake ya ulinzi, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Basi msimwambie," alisema. "Hata makaburini mkienda, msimwambie. Atajisikia vibaya."

Tumemtii mwaka mzima. Tulipokwenda kusafisha kaburi lako tulizungumza habari za mvua na bei za mbao. Lakini hukutulea kumstahi mtu kwa kumficha ukweli unaomhusu, na wewe mwenyewe hukuwahi kutustahi hivyo. Baba, tumekuambia.

Wanaokukumbuka ni mke wako, watoto wako watatu, mkweo, ambaye hajashika tena rimoti, wajukuu zako, jirani yako kinyozi, na mdogo wako Sindano, ambaye hajui kwamba tumeandika haya.

Utabaki katika kumbukumbu zetu siku zote, jinsi ulivyokuwa.