Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Biblia ya Mama

Jumanne, 4 Februari

Mvua tangu asubuhi. Malori yamejaa parkingi hadi barabarani, na kila dereva anataka hati zake kwanza. Nimechapa karatasi za mizigo ya shaba mpaka vidole vimekufa ganzi. Nimefika nyumbani nikakuta Mama ametia chumvi kwenye chai. Akanywa yote na kusema ni tamu. Nimekasirika sana, wala si kwa sababu yake.

Jicho lake la kulia Mama limebaki kuona mwanga tu. La kushoto linalifuata. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, upasuaji ufanyike Lubumbashi, tusichelewe. Mdogo wangu Trésor anatengeneza malori Walvis Bay, na pesa za upasuaji ameziweka. Kazi ni kuzifikisha. Mara ya kwanza alimpa dereva. Dereva alifika Kolwezi salama, pesa haikufika. Safari hii anataka kutuma dola za mtandao, nami nifungue pochi ya kuzipokea kwenye kompyuta yangu. Ameniachia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Nitausikiliza kesho.

Jumatano, 5 Februari

Nimeusikiliza. Mara mbili.

Pochi yenyewe ni programu ndogo inayokaa juu ya kivinjari, wanaiita kiendelezi. Trésor anasema wezi wametengeneza za bandia zenye picha ileile na rangi ileile. Nisiitafute kwenye mtandao na kubonyeza cha kwanza ninachokiona. Nisiguse kiungo cha mtu yeyote, hata chake yeye. Niandike anwani herufi kwa herufi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni mtu mzima. Nikaitafuta nikabonyeza cha kwanza.

Ukurasa mzuri kabisa, una picha, una kila kitu. Ukaniambia niingize maneno yangu ya siri "ili kuendelea". Maneno gani? Sina pochi bado! Hapo ndipo nikaangalia anwani juu: herufi moja ya ziada katikati. Nikafunga kompyuta kama mtu aliyeona nyoka. Sijamwambia Trésor. Atacheka mpaka Pasaka.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimefanya kama nilivyoambiwa. Kwanza nimesafisha kivinjari. Nilikuwa na kiendelezi cha kupakua video, kingine cha kutafsiri, na cha tatu sijui kilitoka wapi wala kinataka nini kwangu. Vyote nje. Nikafungua wasifu mpya ndani ya kivinjari, wa pochi tu, bila barua pepe, bila muziki wangu. Nikaandika anwani polepole. Nikasoma jina la waliotengeneza, watu wangapi wanaitumia, tangu lini. Nikampigia Trésor tukasomeana jina hilo, yeye kwake, mimi kwangu. Ndipo nikaweka.

Nywila nimeiunda ndefu, haina jina la mtu wa nyumbani. Nimeiwekea pochi ijifunge yenyewe nikiiacha kidogo.

Halafu yakatokea maneno kumi na mawili. Ya Kiingereza, hayana uhusiano wowote, kama orodha ya soko ya mwendawazimu. Trésor katika ule ujumbe wa sauti, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, mwenye ile maneno njo mwenye feza. Usipige picha. Usitume. Usiambie mutu."

Nimeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi moja, kwa mpangilio wake. Sikupiga picha. Hata hapa siyaandiki.

Jumamosi, 8 Februari

Wapi pa kuficha karatasi? Kabatini mwizi anaanzia. Chini ya godoro anamalizia. Jikoni kuna panya. Nimezunguka nyumba asubuhi nzima na karatasi kifuani.

Nikapata. Biblia ya Mama. Hakuna mwizi wa mtaa wetu wa Manika anayeiba Biblia kuukuu iliyofungwa kwa mpira. Nimeiweka katikati ya kitabu cha Hesabu, ambacho hakuna anayekisoma kwa hiari. Nimejisifu kidogo.

Mama sikumwambia. Trésor alisema tusimwambie mtu.

Jumatano, 12 Februari

Trésor alituma kwanza kiasi kidogo cha majaribio. Tulilinganisha anwani, herufi za mwanzo, za mwisho, na za katikati pia, maana kuna wezi wanaotengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho. Kikaingia. Akatuma zote. Zikaingia.

Nimekaa naziangalia. Haya ndiyo macho ya Mama, yamo ndani ya kompyuta iliyovunjika bawaba. Tata Kabwe, mbadilishaji pesa wa sokoni, anazipokea na kutoa noti, lakini amesafiri Kasaji hadi wiki ijayo. Tunangoja.

Mtu ameniandikia akisema anatoka "huduma ya wateja" wa pochi, akataka maneno yangu ili kuthibitisha. Nimemzuia. Nimejisikia mjanja.

Mama amenishika mkono wakati wa kula, bila sababu. Ana furaha siku hizi. Sikuuliza.

Jumapili, 16 Februari



Mama ametoka kanisani saa saba, nguo zimelowa, uso unang'aa. Amenikumbatia. Amesema, akiniita mama kama azoeavyo: "Tumeomba juu ya karatasi yako, mama. Bote tumeomba."

Karatasi gani?

Jirani yetu, Mama Julienne, humsomea Mama Biblia kila jioni kabla sijarudi kutoka kazini. Wamefika Hesabu. Wao kweli husoma Hesabu! Karatasi ikadondoka. Na hapa kwetu karatasi ndani ya Biblia ni kitu kimoja tu: mtu ana haja, ameandika ombi lake, ameliweka mbele ya Mungu. Watu huweka humo ombi la mtihani, la viza, la mimba. Nimeona hayo tangu utotoni. Nilikumbuka mwizi, na mwenye Biblia sikumkumbuka.

Maneno hawakuyaelewa. Mama Julienne akadhani ni lugha ya roho. Leo karatasi imewekwa kwenye kapu la maombi. Na ili mama waliobaki nyumbani wasikose baraka, Mama Julienne ameipiga picha akaitia kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Mama hamsini na zaidi. Tangu asubuhi.

Nimepiga kelele. Nimemwambia Mama mambo ambayo sitayaandika. Amesimama katikati ya nyumba anatafuta sauti yangu iko upande gani. Halafu akasema taratibu: "Mi nilizani uko naomba."

Basi. Hilo tu.

Tangu shimo la machimbo ya Mutoshi limfunike Emile, mume wangu, mimi na Mungu tunasalimiana kwa mbali. Mama anajua. Kumbe wiki nzima alikuwa na furaha akidhani nimerudi kuomba.

Sikuwa na muda wa kulia. Umeme hakuna, betri ya kompyuta nyekundu. Nimeifunga kompyuta ndani ya kitenge, nikakimbia kwa Mama Julienne mwenyewe, maana yeye ana sola. Nilikwenda na hasira yangu yote. Alipofungua mlango alikuwa ameshika simu na machozi yanamtoka. Mama Félicité wa kikundi alikuwa ameandika: mukwe wake ameona picha, anasema hii si maombi, ni funguo ya feza ya mutu, mufute mbio. Na mama mmoja baada ya mwingine wanajibu: nimefuta, nimefuta, Yesu atusaidie, nimefuta.

Kufuta ni vizuri. Lakini picha iliyokwisha onekana imeonekana. Na kubadili nywila hakusaidii. Nywila inafunga kompyuta yangu tu. Mwenye maneno anafungua pochi popote duniani. Dawa ni moja: pochi mpya, maneno mapya, kuhamisha zote kabla mtu mwingine hajahamisha.

Nikakaa mezani kwake. Nikaunda mpya. Nikayaandika maneno mapya mgongo umegeukia ukuta. Nikanakili anwani, nikailinganisha herufi kwa herufi, nikabonyeza kutuma.

Imekataa. Kila kuhamisha kunataka ada ya mtandao, na ada hiyo hailipwi kwa zile dola. Inalipwa kwa sarafu nyingine, ambayo sina hata chembe. Trésor hakufikiri. Mimi sikuuliza. Pesa naiona, siwezi kuigusa, na yeyote mwenye ada na ile picha anaweza.

Simu ya Trésor inaita bure. Jumapili anacheza mpira, simu inabaki kwenye begi. Nimepiga, nimepiga. Mama Julienne amepiga magoti kando ya meza na kuanza kuomba kwa sauti, ada ya mtandao ishuke. Siku nyingine ningecheka. Leo nilimwacha aombe. Na kweli, sikutaka anyamaze.

Trésor amepiga mwenyewe, anahema. "Yaya, kuna nini?" Nikamwambia. Hakunitukana. Alisema tu nisome anwani, pole pole. Akatuma ile ada. Ikaingia. Nikabonyeza tena. Kile kiduara kikazunguka na kuzunguka, nikaona macho ya Mama yanazunguka nacho.

Zimehama. Zote. Pochi ya zamani iko tupu.

Mama Julienne amenipa chai. Nimeinywa na kumshukuru. Sukari ilikuwa sukari.

Jumatatu, 17 Februari

Sikwenda kazini. Nimeichoma karatasi ya zamani baada ya kuhakikisha tena kuwa pesa iko pochi mpya. Maneno mapya nimeyaandika mara mbili, karatasi mbili, sehemu mbili tofauti. Moja haiko nyumba hii. Wapi, sitaandika. Shajara nayo ina macho.

Nimemkalisha Mama nikamweleza kila kitu. Pochi ni nini, maneno ni nini, kwa nini hakuna mtu wa kuyasoma hata kama ana upako. Nilipaswa kuanzia hapo. Siri niliyomficha mwizi nilimficha na mwenye nyumba.

Amesikiliza yote. Akauliza kama mama wa kikundi wameniibia kitu. Nikasema hapana, hata mmoja. Akasema vizuri, na akaomba nimpeleke kitandani.

Afadhali angenigombeza kwa ile Jumapili. Nina aibu.

Alhamisi, 20 Februari

Tata Kabwe amerudi. Tumebadilisha kidogo kidogo, mbele ya macho yangu, mimi nikituma na yeye akihesabu. Trésor sasa ametia ada ya kutosha mwaka mzima, kama anaomba msamaha.

Nimelipia hospitali. Tarehe tumepewa. Bosi amenipa likizo huku akinung'unika, na mimi nimenung'unika zaidi.

Mama Julienne amekuja kumsomea Mama. Nilirudi mapema nikawakuta. Alinyamaza nilipoingia, amekumbatia Biblia kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Nimemwambia aendelee. Nimekaa nikasikiliza. Bado ni Hesabu. Bado inachosha.

Jumanne, 11 Machi

Lubumbashi. Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji jana, la kulia litangoja mwezi ujao. Asubuhi ya leo wametoa bandeji. Mama aliangalia dirisha. Akaangalia mikono yake, pande zote mbili, kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

Akasema: "Umekonda, mama."

Nimetoka nje nikalia karibu na bomba. Mhudumu mmoja akadhani tumefiwa, akanipa pole. Nikaipokea.

Jumapili, 23 Machi

Kolwezi. Mvua kidogo. Umeme upo.

Asubuhi, kabla Mama hajaamka, nilikata karatasi ndogo nikaandika kwa herufi kubwa. Asante kwa macho ya Mama. Kuhusu Emile, bado nina hasira. Nikaifungua Biblia, nikaiweka pale pale kwenye Hesabu. Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingeiweka.

Alipomaliza chai aliketi karibu na mlango, penye mwanga, akaifungua Biblia mwenyewe. Karatasi ikaanguka juu ya kitenge chake. Aliishika mbali na uso, kama wanavyofanya watu wenye macho mapya, akaisoma yote akitembeza midomo. Mimi nilikuwa naosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Aliikunja. Akavaa viatu vya kanisani. Akanionyesha ile karatasi kutoka mlangoni.

"Na hii, naweza peleka?"

Nikamwambia apeleke.